Maisha ya Bibi Siti binti Saad wa Unguja

Katika kurasa za magazeti ya shule kama hili letu huandikwa mara nyingi habari za watu mashuhuri: wafalme, majemadari, wavumbuzi na viongozi wa siasa. Karibu wote ni wanaume. Si vibaya kuwaandika, kwani wengi wao wanastahili. Lakini muhula huu nimemwomba mhariri anipe nafasi niwasimulieni maisha ya mwanamke mmoja ambaye hakuwa na jeshi, wala cheo, wala mali ya urithi, wala hakupata kusoma shule. Na hata hivyo sauti yake ilifika mahali ambapo amri za wakubwa hazikufika. Huyo ni Siti binti Saad wa Unguja.

Najua kwamba jina hili si geni kwenu. Wanafunzi hulikuta katika somo la fasihi, kwa sababu marehemu Sheikh Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Mwalimu hulitaja, wanafunzi huliandika katika daftari, kisha kengele hulia na mambo yakaishia hapo. Wazazi nao humkumbuka kuwa mwimbaji wa taarab wa zamani. Yote hayo ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Bibi huyu alikuwa pia shahidi wa dhuluma walizotendewa wanawake wa nchi yake, na alitoa ushahidi huo katika siku ambazo ushahidi wa mwanamke maskini haukuwa na thamani kubwa mbele ya wenye hukumu. Hiyo nusu ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini ya mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Asili ya baba yake, Mzee Saad, ilikuwa Unyamwezini, na asili ya mama yake ilikuwa Uziguani. Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Hebu litazameni jina hilo vizuri. Leo mzazi akimpa mtoto wake jina kama hilo tutamshangaa, lakini katika Unguja ya wakati ule lilikuwa jina la kawaida kwa watoto wa watu wa chini, na lilisema wazi mahali pa mtoto yule katika dunia. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye. Hivyo waweza kusema kwamba maisha yake yote yalikuwa safari ya kutoka katika jina la kwanza kufika katika jina la pili.

Ili tuielewe safari hiyo, yafaa tukumbuke hali ya nchi ilivyokuwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Seyyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Watu waliokwisha kuwa watumwa waliendelea kuwa watumwa katika mashamba ya karafuu na katika majumba ya mjini. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na mwaka 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyomruhusu mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Amri hiyo ilikuwa na tundu moja kubwa: haikuwahusu masuria. Suria alikuwa mwanamke mtumwa aliyewekwa nyumbani na bwana wake kama mke, bila ya kuulizwa kama anataka au hataki. Mtumwa wa shambani aliweza kwenda mbele ya hakimu, lakini suria hakuweza. Wakubwa walisema kwamba mambo ya masuria ni mambo ya ndani ya nyumba, na kwamba sheria haipaswi kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Wanawake hao walingoja miaka mingine kumi na miwili, mpaka mwaka 1909, ndipo mlango ukafunguliwa kwao pia.

Nawaombeni mwiweke habari hiyo moyoni, hasa maneno yale kwamba mambo ya ndani ya nyumba si ya sheria. Tutakutana nayo tena.

Wazazi wa Siti walikuwa wakulima na wafinyanzi. Binti alijifunza kazi ya kufinyanga kwa mama yake: kuchimba udongo, kuuponda, kuufinyanga chungu kwa mkono, kukianika na kukichoma. Alipokua alichukua vyungu kichwani akaenda navyo mjini kwa miguu kuviuza. Mwuzaji wa vyungu hana budi kunadi mali yake, na Siti alinadi kwa kuimba. Husemwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kuuona uso wake, na kwamba wanunuzi walitoka nje ya nyumba zao kwa ajili ya ile sauti hata kama jikoni hawakukosa chungu. Hiyo ndiyo shule aliyosoma. Njia ya Fumba ilikuwa darasa, na mapafu yake yalipata nguvu kwa kupaza sauti juani akiwa na mzigo kichwani.

Mwaka 1911 aliondoka Fumba akahamia mjini. Wakati ule taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya waungwana. Seyyid Barghash ndiye aliyempeleka kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, huko Misri kujifunza kupiga ganuni, na mwaka 1905 mjini Unguja kiliundwa chama cha Ikhwani Safaa. Wapigaji walikuwa wanaume, waimbaji walikuwa wanaume, na nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, hata kama wasikilizaji wengi hawakujua maana ya maneno. Mtu mmoja wa chama hicho, Muhsin Ali, aliisikia sauti ya Siti akatambua kwamba ni johari iliyofunikwa na mavumbi. Akamfundisha namna ya kuimba pamoja na ala. Baadaye Siti alipata wenzake wa kazi: Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaban. Kundi hilo dogo lilipiga udi, fidla na tari, na likafanya jambo ambalo halikuzoeleka: likaimba taarab kwa Kiswahili, na mwimbaji wake mkuu akawa mwanamke.

Umaarufu wake ulikua haraka. Alialikwa katika harusi za matajiri na maskini, aliimba mbele ya Sultani, na watu walitoka mrima na visiwa vingine kuja kumsikiliza. Wala hapana mtu anayepanda bila ya kutafutwa ila. Wale waliochukia kuona binti wa mfinyanzi akikaa mahali pa heshima walimtungia wimbo wa kumdhihaki. Walimkumbusha kwamba alikuja mjini akiwa mtu duni mwenye vyungu, na wakamcheka kwa sura yake. Siti hakugombana nao barazani wala hakupeleka kesi. Alijibu kwa wimbo, akaeleza kwamba uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo si kitu cha kujivunia, na kwamba jambo la haya kwa mwanadamu ni kukosa akili. Watu wa Unguja wakaupenda wimbo wa jibu, na wimbo wa dhihaka ukakosa wasikilizaji. Wanafunzi wangu, hasa ninyi mnaotaniwa kwa sababu ya sura au kwa umaskini wa nyumbani kwenu, shikeni mfano huo.

Nyumba ya Siti ilikuwa upande wa Ng'ambo. Kwa wasioijua Unguja, nieleze kwamba mji ulikuwa na sehemu mbili zilizotengwa na mkondo wa maji. Upande mmoja ulikuwa mji wa mawe, wenye majumba ya ghorofa ya Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande wa pili, Ng'ambo, kulikuwa na vibanda vya udongo vya wachukuzi, wavuvi, mafundi, madobi na wauza samli. Wengi wao walikuwa watumwa wa jana au watoto wao. Wanawake wa huko walikuwa wameanza kuvaa kanga za rangi na baadaye buibui, mavazi ambayo mtumwa hakuruhusiwa kuwa na mfano wake, kwani mtumwa mwanamke alijulikana kwa kaniki yake nyeusi au merikani, na kichwa chake kilikuwa wazi. Hata kujifunika kichwa, ambako leo tunakuona jambo dogo, kwao kulikuwa ni kutangaza uhuru.

Jioni watu walikusanyika kwa Siti. Wenzake walikuja na ala, majirani walikuja na habari. Mmoja alisimulia yaliyotokea mahakamani asubuhi, mwingine alisimulia ya sokoni, mwingine ya nyumba ya jirani. Katika habari hizo ndimo nyimbo zilimotoka. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti, na wengi hawakujua kusoma. Wimbo wa Siti ndio uliokuwa gazeti lao. Aliimba juu ya mapenzi, kama waimbaji wote, lakini aliimba pia juu ya wenye kalamu waliowatapeli wasiojua kusoma, juu ya mahakimu, na juu ya wanaume waliowapiga na kuwadhulumu wanawake.

Sasa nafika kwenye wimbo ambao kwa ajili yake hasa nimeishika kalamu. Unaitwa Kijiti, kwa jina la mtu aliyetenda uovu unaosimuliwa ndani yake. Sitanukuu maneno yake; nitaeleza kisa tu, kama wimbo unavyokieleza.

Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Alikuwa mgeni, tena alikuwa mja mzito. Alichukuliwa kwenda kwenye ngoma pamoja na wanawake wenyeji, na Kijiti alikuwapo, na pombe ilikuwapo. Kijiti akamchukua yule mgeni mpaka vichakani, akamtenda jeuri, na aliyerudishwa kutoka huko alikuwa maiti. Mwuaji hakushikwa. Alikata tikiti ya chombo akavuka bahari kwenda Dar es Salaam, kule kule alikotoka marehemu. Kesi ilipofika mbele ya jaji, waliosimama pale walikuwa wanawake wawili waliokuwa na marehemu, nao walitoa ushahidi wa yale waliyoyajua. Jaji aliwakasirikia hao, akawatukana kuwa ni watu wapumbavu, na mwisho wa yote wakafungwa wao. Aliyeua alikuwa ng'ambo ya bahari akitembea na miguu yake. Walioshuhudia walikuwa jela.

Fikirini jinsi habari hiyo ilivyopokewa vibandani. Kila mwanamke aliyesikia aliielewa maana yake bila ya kuelezwa. Maana yake ilikuwa kwamba ukidhulumiwa, nyamaza; na ukiona mwenzako anadhulumiwa, nyamaza zaidi, maana kusema kutakuingiza wewe katika tundu lililochimbwa kwa ajili ya mkosaji. Na wengi wangalinyamaza. Siti hakunyamaza. Alimtaja mwuaji kwa jina lake, akamlaani mbele ya watu, akaeleza jinsi alivyowapita wenye sheria, akaeleza na hukumu iliyotolewa. Jaji aliweza kuwafunga mashahidi wawili, lakini wimbo hauna mikono ya kutiwa pingu. Uliimbwa harusini, ukaimbwa kisimani, ukavuka bahari nyuma ya Kijiti. Mahakama ilimwacha aende zake, lakini wimbo ulimkatalia kusahauliwa. Hata leo, miaka mingi tangu wote hao wafe, sisi tunajua aliyoyatenda.

Nitawaambieni kwa nini kisa hiki kinanikera moyoni. Mwaka uliopita nilisimamia mjadala katika shule moja, si hii yetu, juu ya usalama wa wasichana njiani. Kijana mmoja hodari wa kusema alisimama akadai kwamba msichana anayefikwa na baya usiku amejitakia mwenyewe, kwa kuwa angalikaa nyumbani lisingalimpata. Ukumbi ulimpigia makofi, na nilisikitika kuona kwamba baadhi ya waliopiga makofi walikuwa wasichana. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alisema aliyoyasikia kwa wakubwa. Lakini hebu pimeni hoja yake kwa mizani ya kisa cha Kijiti. Mgeni yule alikwenda kwenye ngoma, jambo ambalo watu wote wa pwani hufanya. Kosa lake ni lipi? Wenzake walisema waliyoyaona. Kosa lao ni lipi? Anayeuliza kwanza mwanamke alikuwa wapi na saa ngapi, kabla ya kuuliza mwanamume alitenda nini, amekaa katika kiti cha jaji yule bila ya kujijua. Mwizi akivunja duka hatumfungi mwenye duka kwa sababu alikuwa na mali. Kwa nini basi katika jambo hili moja tunageuza mizani juu chini?

Tuendelee na maisha ya Bibi Siti. Mwaka 1928 ulikuwa mwaka wa misukosuko huko Ng'ambo, kwa sababu wenyeji waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Mwaka huo huo Siti na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay, Bara Hindi, kurekodi nyimbo zao katika santuri. Walikuwa kundi la kwanza la Afrika ya Mashariki kuimba taarab ya Kiswahili katika santuri za kampuni ya His Master's Voice, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Mwanamke aliyekuwa akitembea kwa miguu na vyungu kichwani sasa alivuka Bahari ya Hindi ili sauti yake ipigwe chapa. Santuri hizo zilinunuliwa kwa wingi kuliko ilivyotazamiwa. Kampuni ikazidi kurekodi nyimbo zake, na hadi mwaka 1931 santuri za Kiswahili zilizouzwa zilipita 70,000. Zilipigwa Mombasa na Lamu, Tanga na Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na hata mbali zaidi, kila mahali ambapo watu walisikia Kiswahili.

Nilipokuwa mtoto, mzee mmoja jirani yetu alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo kwa mkono, nayo ilikuwa nzee kupita mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na santuri chache zilizokwaruzika, na mojawapo ilikuwa ya Siti. Sisi watoto tulicheka tuliposikia sauti ile nyembamba ikitoka katika mkwaruzo kama mtu anayeimba ndani ya mvua. Mzee hakucheka. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaifuta santuri kwa kitambaa akairudisha katika bahasha yake. Wakati ule sikuelewa kwa nini mtu mzima aishughulikie sahani nyeusi kwa adabu namna ile. Sasa naelewa. Mzee yule hakujua kusoma. Santuri ile ilikuwa kitabu chake.

Yafaa niseme pia kwamba Siti hakutajirika kwa kadiri ya sifa zake. Kampuni ilipata faida kubwa, naye alipata sehemu ndogo. Hilo nalo ni aina ya dhuluma, ambayo wasanii wengi wa nchi zetu waliijua baada yake. Lakini hakuacha kazi. Aliendelea kuimba na kuwafunza wengine. Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, na ambaye alifariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza angali kijana, na aliziimba mpaka uzeeni mwake. Kwa njia hiyo nyimbo zilipita kutoka kinywa hata kinywa, kama maji yanavyopita kutoka mtungi hata mtungi bila ya kumwagika.

Siku za mwisho za maisha yake Siti alionana na Shaaban Robert, akamsimulia habari zake. Lilikuwa jambo la bahati njema kwa taifa, kwani bila ya mazungumzo hayo tungalibaki na santuri tu. Tarehe 8 Julai, 1950, Bibi Siti binti Saad alifariki dunia. Alizaliwa wakati mtu aliweza bado kumilikiwa na mtu mwenzake. Alipokufa, jina lake lilijulikana katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki.

Mtu aweza kuuliza: je, wimbo uliondoa dhuluma? Nitajibu kwa ukweli, kwa maana si vizuri kuwadanganya vijana. Wimbo haukuiondoa. Dhuluma dhidi ya wanawake iliendelea baada ya Siti kufa, chini ya serikali za kigeni na chini ya serikali zetu wenyewe. Huko huko Zanzibar ilitungwa sheria mwaka 1985 ambayo iliweza kumfunga gerezani mwanamke asiye na mume aliyepata mimba. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda maadili, lakini tumbo la mwanamke huonekana na la mwanamume halionekani, kwa hiyo mzigo ulimwangukia mmoja. Ilikuwa hadithi ya mashahidi wa Kijiti kwa sura nyingine. Ilipofika mwaka 2005 ndipo sheria hiyo ilipofutwa na nyingine kuwekwa mahali pake.

Lakini sauti ya Siti haikupotea bure. Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania waliunda chama chao, TAMWA, na walipoanzisha gazeti la kueleza habari za wanawake, waliliita Sauti ya Siti. Hawakulichagua jina hilo kwa kukosa jingine. Walijua kwamba mwandishi wa kwanza wa habari kama hizo katika nchi yetu alikuwa mwimbaji asiyejua kusoma. Chama hicho, pamoja na wengine, kilifanya kazi ya miaka mingi ya kuandika, kusema na kuwaendea wabunge, na mwaka 1998 Bunge la Tanzania likapitisha sheria maalumu juu ya makosa ya kujamiiana. Kwa sheria hiyo mtu anayembaka mwanamke hupata kifungo kisichopungua miaka 30. Tena sheria hiyo iliruhusu mahakama kuuamini ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Linganisheni jambo hilo na jaji aliyewafunga mashahidi. Katika mahakama ya siku zile neno la mwanamke lilimtia yeye mwenyewe jela. Katika sheria ya mwaka 1998 neno lake laweza kumtia jela aliyemdhulumu. Hiyo ni njia ndefu, na miguu mingi imeikanyaga, lakini mmoja wa waliotangulia kuipita alitoka Fumba.

Hata hivyo sheria iliyomo kitabuni ni kama panga lililomo alani. Halikati mpaka mtu alichomoe. Kesi nyingi hazifiki mahakamani kwa sababu wazee wa pande mbili hukutana usiku, hupatana kwa mbuzi au kwa fedha, na msichana huambiwa asivunje heshima ya ukoo. Hapo ndipo yale maneno ya zamani yanaporudi, kwamba mambo ya ndani ya nyumba si ya sheria. Kwa maneno hayo masuria waliachwa nje ya amri ya mwaka 1897, na kwa maneno hayo hayo mtoto wa kike wa leo huachwa nje ya sheria ya mwaka 1998. Nawaambia wazazi wanaosoma gazeti hili, kwa heshima yote niliyo nayo kwao: ukoo hauaibishwi na mtoto aliyesema kweli. Huaibishwa na aliyetenda, na na wale waliomficha.

Kwa wanafunzi wa kiume nasema hivi. Mbaruk, Subeti, Buda na Maalim Shaban walikuwa wanaume. Walipiga udi na fidla ili sauti ya mwanamke isikike vizuri zaidi, wala hawakuona kwamba uanaume wao umepungua. Muhsin Ali alikuwa na elimu ya muziki ambayo angaliweza kuifungia ndani ya chama cha wanaume wenzake, lakini aliifungua. Bila yao Siti angalibaki mwuza vyungu mwenye sauti nzuri. Basi jiulizeni kila mmoja wenu, je, ninapiga ala ili wengine wasikike, au nawapigia makofi wanaowanyamazisha?

Na kwa wasichana nasema hivi. Ninyi mmepata vitu ambavyo Siti hakuvipata. Mnajua kusoma na kuandika. Mna walimu, mna vitabu, mna sheria inayowatambua. Yeye alikuwa na pumzi yake na ujasiri wake tu. Mkiona dhuluma, iwe juu yenu au juu ya mwenzenu, msiifunike kwa kanga. Mwendeeni mwalimu mnayemwamini, au mama, au shangazi, au dawati la jinsia katika kituo cha polisi, mkaseme. Wa kwanza asipowasikiliza, nendeni kwa wa pili. Siti naye hakusikilizwa na jaji. Alikwenda kwa watu, na watu wakamsikia.

Mtu huzaliwa akapewa jina na wengine, lakini jina atakalokufa nalo hulitafuta mwenyewe kwa matendo yake. Mtumwa binti Saad alilitafuta lake kwa jasho, akalipata, akatuachia. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi masikio ya kuwasikia wanaosema kweli.